CNC inayosimama yenyewe: kusaka kelele za umeme

Mashine ya CNC (ya kukata, inayoongozwa na kompyuta) inakata vizuri, ghafla inasimama na kontrola, yaani bodi inayoiongoza, inadai swichi ya kikomo (inayoashiria mwisho wa njia) imeguswa, ilhali hakuna kilichoigusa. Usikimbilie kununua filta. Endesha programu ileile hewani, bila kukata kitu, spindeli (mota inayozungusha kisu) ikiwa imezimwa. Ikifika mwisho salama, washa spindeli peke yake na utazame hali ya swichi kwenye skrini. Swichi zikipepesa, mkosaji ni inverta (kifaa kinachoendesha spindeli) au kebo yake: inverta hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mkato hurusha mpigo kwenye waya jirani.

Kabla ya kufungua sanduku, chomoa plagi na usubiri dakika 10. Kapasita za inverta ya volti 230 hubaki na takriban volti 325 za DC. Pima kwa mita. Taa kuzimika si ushahidi.

Sasa ethi (waya wa ardhi), maana hapa ndipo makosa mengi yalipo. Ncha moja ya mita iguse pini ya ethi ya plagi, nyingine iguse fremu, kisha mwili wa spindeli. Usomaji usizidi omu 1. Ukizidi, kwangua rangi chini ya boliti. Fungua na soketi ya spindeli pia: mara nyingi pini ya nne haijaungwa na chochote ndani. Nyaya zote za ethi zikutane kwenye boliti moja. Ukizipokezanisha kutoka kifaa hadi kifaa, mkondo wa inverta utapitia kwenye kontrola.

Wavu wa chuma unaozunguka nyaya ndani ya kebo ya spindeli ufungwe kwenye ethi ncha zote mbili, ukibanwa mzunguko mzima. Ukiusokota kama mkia, kinga hupungua sana. Wavu wa kebo za swichi ufungwe upande wa kontrola tu. Kebo hizi mbili ziachane angalau sentimita 10, na zikilazimika kupishana, zikatane kama msalaba.

Swichi ya kikomo iliyo wazi muda wote (NO), yaani isiyopitisha umeme hadi iguswe, huacha waya ukining'inia kama antena. Kwenye Arduino Uno, bodi inayotumika kama kontrola, kinachoushikilia ni rezista ya ndani ya kilo-omu 20 hadi 50, ambayo ni dhaifu. Tumia swichi iliyofungwa muda wote (NC), yaani inayopitisha umeme hadi iguswe: waya ukikatika, mashine husimama badala ya kugonga. Ongeza kapasita ya nanofaradi 100 kati ya pini ya swichi na hasi, karibu kabisa na kontrola. Kwa kebo ndefu, volti 24 kupitia optokapla (kiungo kinachopitisha ishara kwa mwanga) ni bora zaidi.

Spindeli ikiwa haina hatia, vuta taratibu kila waya wa mota za stepa (zinazosogeza mashine) kwenye tamino, mahali unapofungwa, kutafuta uliolegea, umeme ukiwa umezimwa. Kuchomoa mota wakati draiva yake (kifaa kinachoiendesha) ina umeme huiunguza draiva.