NDIS humlipa mtaalamu, haimlipi farasi

Mama mmoja wa Logan, kusini mwa Brisbane, alinionyesha ankara iliyokataliwa na NDIS, mpango wa taifa wa bima ya ulemavu wa Australia. Ilikuwa na mstari mmoja: kupanda farasi, dakika 60. Mwanawe wa miaka kumi ana usonji, na tangu aanze kwenda kwenye shamba la farasi, siku ya farasi huvaa viatu mwenyewe bila kubembelezwa. Mama anaiona faida kwa macho yake. Aliyeisoma ile ankara ofisini aliona somo la kupanda farasi tu, jambo ambalo mzazi yeyote wa Australia hulilipia mfukoni. Kila mmoja alikuwa na haki yake, na pesa haikutoka.

Tuanze na nani anaingia. NDIS iliwekwa kwa sheria ya mwaka 2013. Unaomba kabla hujatimiza miaka 65, na uwe raia au mkaazi wa kudumu. Ndugu zetu waliofika kwa viza za ukimbizi za 200 au 202, wakitokea kambi za Nyarugusu au Kakuma, tayari ni wakaazi wa kudumu, kwa hiyo hawana haja ya kungoja uraia. Mwenye viza ya masomo au ya kazi ya muda hayumo, hata kama mtoto wake ana mahitaji makubwa kiasi gani. Kipato chako hakiulizwi.

Sasa wanyama wenyewe. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu sisi tunasema "mbwa" halafu basi, na NDIS wana mafungu matatu. Kuna mbwa wa msaada, aliyefunzwa kazi maalumu kama kumwongoza asiyeona. Huyo NDIS inaweza kumgharamia, pamoja na chakula na daktari wake wa mifugo, na sheria ya mwaka 1992 ya kuzuia ubaguzi inamruhusu kuingia dukani na kwenye basi. Kuna mnyama wa kufugwa nyumbani, anayekupunguzia upweke. Huyo ni wako na gharama ni zako, hata kama daktari ameandika barua kwamba anakutuliza. Halafu kuna mnyama wa tiba, ambaye si wako kabisa. Ni mbwa au farasi anayetumiwa na mtaalamu wakati wa kumtibu mtu, na kinacholipiwa ni saa ya mtaalamu.

Kwa hiyo swali la kwanza kuuliza shambani ni nani atakayekuwa na mtoto na ana leseni ya nini. Tiba kazi, ile ya kumwezesha mtu kufanya shughuli zake za kila siku (wenyewe wanasema OT), tiba ya viungo, usemi na lugha, saikolojia: hao wanatambulika. Mwalimu wa kupanda farasi, awe mzuri namna gani, si mmoja wao. Tangu tarehe 3 Oktoba 2024 kuna orodha rasmi ya vinavyolipiwa na visivyolipiwa. Visivyolipiwa ni pamoja na tiba ya mawe ya fuwele, kutabiriwa kwa kadi na tiba ya harufu za mafuta. Ukitumia pesa ya mpango wako, yaani kile ulichopangiwa na NDIS, nje ya orodha unaweza kudaiwa uirudishe, na deni hilo litakuwa na jina lako, si la mwenye shamba.

Unapoomba, usiandike lengo kuwa "mtoto apate tiba ya farasi". Hilo ni ombi la farasi. Andika kile mtoto atakachoweza kufanya: akae wima mezani mpaka amalize kula, avae bila kushikwa mkono, aseme neno moja anapotaka maji. Kisha ripoti ya mtaalamu ieleze leo anaweza kiasi gani, mnyama anasaidia wapi, na kwa nini tiba ya kawaida chumbani haikutosha. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito, maana sheria inataka msaada uwe na thamani ya pesa yake na uwe umethibitika kufaa. Ripoti inayosema "anafurahi sana akiwa na farasi" ni nzuri kusomewa bibi yake kwenye simu.

Uliza bei kabla ya kuweka saini. Mwaka wa fedha 2025–26 kiwango cha juu cha OT kilikuwa dola 193.99 kwa saa. Baadhi ya mashamba huongeza ada ya mnyama juu yake. Uliza ada hiyo inatoka mfuko gani, wa mpango au wako. Muda wa safari ya mtaalamu nao unaweza kutozwa. Na kama fedha za mpango wako zinasimamiwa na wakala wenyewe wa serikali unaoendesha NDIS, unaruhusiwa watoa huduma waliosajiliwa tu. Mashamba madogo mara nyingi hayajasajiliwa.

Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafi kutoka pwani, suala la mate ya mbwa na kuosha mara saba ni la kweli, na hakuna aibu kulisema. Mweleze mtaalamu mapema. Farasi hana tatizo hilo, na tiba isiyo na mnyama ipo.

Mkalimani ni bure: piga TIS, huduma ya serikali ya ukalimani kwa simu, namba 131 450. Useme ni Kiswahili cha wapi, maana cha Bukavu na cha Tanga si kimoja. Tafadhali usimfanye mwanao mkubwa mkalimani wa ripoti ya mdogo wake.

Ukikataliwa, una miezi mitatu kuomba uamuzi uangaliwe upya ndani ya wakala. Ukikataliwa tena, una siku 28 kwenda Administrative Review Tribunal, baraza linalopitia upya maamuzi ya serikali. Hesabu kuanzia siku uliyoipokea barua, na bahasha usiitupe.

Yule mama hakukata rufaa. Aligundua kwamba shambani pale pale kuna OT anayekuja Alhamisi, akamhamishia mtoto siku hiyo, na kwa mara ya kwanza mtu akamwandikia ripoti yenye vile viatu ndani yake. Farasi ni yule yule. Ankara ya zamani bado anailipa mwenyewe, dola 20 kila wiki mbili.