Bosi akimwandama mwenzako mbele yako: la kufanya, hatua kwa hatua

Mwaka wangu wa kwanza ghalani, Dar es Salaam, tulikuwa sita mezani tunakunywa chai ya saa nne. Supavaiza akaja akasimama nyuma ya dada wa stoo, akamwekea mkono begani, mkono ukateremka mgongoni, huku akimuuliza kwa sauti kama mumewe anamtosha. Dada alikuwa ameshika andazi. Hakulila, hakuliweka chini. Mmoja wetu akacheka. Mimi nikatoa simu nikajifanya nasoma meseji, na simu yenyewe ilikuwa imezima chaji tangu asubuhi.

Mwaka 1968 watafiti wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, walitoa matokeo ya jaribio lao. Wanafunzi wa chuo, kila mmoja chumbani kwake, walimsikia mwenzao kupitia hedifoni kama aliyeshikwa na kifafa. Waliodhani wanamsikia peke yao, asilimia 85 walikwenda kuita msaada kabla hajanyamaza. Waliodhani wapo wengine wanne wanaosikia, ni asilimia 31 tu. Mezani kwetu tulikuwa na ugonjwa uleule: kila mmoja alimwachia mwenzake. Leo mimi ni katibu wa chama cha wafanyakazi, na somo hili ni letu sisi wa mezani.

Hatua ya 1: Usicheke. Kicheko chako ndicho malipo yake, ukimnyima anabaki na aibu yake. Atasema ni utani. Sisi utani tunaujua: Mchaga na Mpare wakitaniana, anayetaniwa anarudisha, tena kwa ukali zaidi, na hakuna anayekosa ugali kwa hilo. Jiulize, dada huyu akimrudishia bosi maneno yaleyale, kesho atapangiwa zamu? Kama jibu ni hapana, utani haupo hapo.

Hatua ya 2: Katiza. Hapa ndipo penye faida kubwa, na wengi hupadharau kwa kudhani kuingilia ni lazima upige meza. "Dada, dereva wa lori anakuulizia getini." Uongo mdogo, lakini umemtoa. Au hama na kikombe chako ukakae katikati yao. Au mgeukie bosi mwenyewe: "Bosi, ule mzigo wa Morogoro unatoka saa ngapi?" Ni vigumu mtu kuhesabu magunia huku mkono wake uko mgongoni mwa mtu. Na kwenye barua ya onyo hakuna atakayeandika kwamba uliuliza habari za mzigo.

Hatua ya 3: Sema, kama una pa kusimamia. Sentensi moja, kuhusu kitendo: "Bosi, hiyo hapana." Basi, endelea na chai. Anayefaa kusema ni mkongwe wa kazi, mwenye mkataba wa kudumu au mwenye cheo kinacholingana na chake. Kibarua wa kutwa msimsukume mbele, hatua ya 2 inamtosha. Halafu, tafadhali, usiseme "muache, huyo ni mke wa mtu." Maana yake asiye na mume yuko huru kushikwashikwa.

Hatua ya 4: Mfuate baadaye, mkiwa wawili. "Nimeona, na si sawa. Ungependa nifanye nini?" Kisha nyamaza usikilize. Usimuulize mbona hakujibu.

Hatua ya 5: Andika siku hiyohiyo. Tarehe, saa, mahali, nani walikuwepo, na maneno yenyewe kama yalivyotamkwa hata kama ni machafu. "Alimtolea lugha isiyofaa" haimsaidii mtu yeyote miezi miwili baadaye. Karatasi mpe yeye, nakala baki nayo. Kwenye grupu la WhatsApp isifike.

Hatua ya 6: Akikubali, msindikize. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inauhesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa ubaguzi. Anzeni na mwakilishi wa chama tawini au afisa utumishi. Kukishindikana, mgogoro unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 60. Akiwa amefukuzwa, ni siku 30 tu, na hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Akishikwa mwili, dawati la jinsia polisi lipo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Kwetu anayesumbua ndiye mwenye kampuni. Anawaambia wasichana wa mkataba wa miezi mitatu "njoo tuonane" ndipo asaini mwingine. Tumshtaki kwa nani?

Jibu: Hiyo ina jina, rushwa ya ngono. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinamgusa mwenye madaraka anayedai ngono ili atoe ajira. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapatikana kwa 113 bila malipo. Msiifute meseji hata moja.

Swali: Mwenzangu hataki jambo lifike popote. Ninyamaze?

Jibu: Kwa yaliyompata yeye, ndiyo, usimtangulie. Ana kodi na ada za watoto kichwani, amepiga hesabu ambayo wewe hujaiona. Ila hatua ya 1 na ya 2 haziombi ruhusa ya mtu. Na maandishi yako yatunze, huenda akabadili mawazo.

Swali: Mie niko Mombasa, nahudumu hotelini. Kwetu si bosi, ni wageni. Mgeni akimshika mwenzangu kiuno na meneja ataka tabasamu, twafanyaje?

Jibu: Badilishaneni meza hapohapo, aende mhudumu wa kiume, na bili apeleke huyohuyo. Kisha mwambieni kapteni wa wahudumu mkiwa wawili au watatu, asije akasema ni maneno ya mtu mmoja. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera iliyoandikwa ya unyanyasaji wa kingono. Ombeni muione. Kama haina neno juu ya wageni, daini liongezwe.

Swali: Katibu, yule dada wa stoo aliishia wapi?

Jibu: Aliacha kazi kabla ya mwezi kwisha. Andazi lilibaki mezani siku ile, na aliyelitoa ni mimi.