Usajili wa kiangazi: anza na aliyeondoka

Mwezi wa saba usajili ukipamba moto, kila mteja hapa kinyozini kwangu anamkimbilia mchezaji mpya kwenye timu yake ya Fantasy Premier League, ule mchezo wa mtandaoni wa kununua wachezaji halisi wa Ligi Kuu ya England kwa pesa za mchezo na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani. Mimi naanza na anayeondoka. Ivan Toney alipohamia Saudia Agosti 2024, penalti za Brentford zikabaki kwa Bryan Mbeumo, bei yake ya mchezo ikiwa pauni milioni 7 tu. Msimu uliotangulia, wenye majeraha, alifunga mabao 9. Msimu huo wa 2024/25 akafunga 20. Kwa hiyo chukua karatasi, andika nani alikuwa anapiga penalti, kona na faulo, kisha uliza nani amerithi.

Halafu geuza. Mbeumo mwenyewe alipokwenda Manchester United 2025, bei yake ya kuanzia msimu ilikuwa milioni 8, na huko penalti zilikuwa na mwenyewe, Bruno Fernandes. Ulilipa zaidi, kazi imepungua.

Na usimalize karata zako mapema, maana dirisha la usajili hufungwa ligi imeshaanza. Cole Palmer alitua Chelsea 1 Septemba 2023, bei yake ya mchezo milioni 5, akamaliza na mabao 22, 9 ya penalti. Mimi waildikadi, karata ya kubadili kikosi kizima bila kukatwa pointi, nilishaichoma wiki moja kabla. Kuna mteja hunikumbusha hadi leo, tena mashine ikiwa shingoni mwake.