Somo: kuigeuza hewa ya ukaa kwa mwanga na joto kwa pamoja

Wakuu wa Tanga salaam. Mawe ya chokaa sisi tunayo mpaka mapango ya Amboni, na ukiyachoma kwenye nyuzi kama 900 hewa ya ukaa inatoka ndani ya jiwe lenyewe hata kama tanuri lako ni la umeme, sasa badala ya kuiachia ipae inaweza kugeuzwa methani, gesi ileile ya Songo Songo. Hii ni kazi ya maabara, jikoni usijaribu.

1. Kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha gesi kugeuka bila chenyewe kuisha. Chukua nikeli iliyoshikizwa kwenye unga wa alumina (oksidi ya alumini), metali ya rutheni ni kali zaidi ila bei yake utaikimbia. Ipitishie kwanza haidrojeni ya moto ili nikeli iwe metali safi.

2. Iweke kwenye chemba ya kioo cha kwatzi, fukuza hewa yote kwa naitrojeni. Haidrojeni ikiwa asilimia 4 mpaka 75 ndani ya hewa inalipuka, hapa hakuna ubishi.

3. Ingiza haidrojeni sehemu 4 kwa hewa ya ukaa sehemu 1, hesabu ya Sabatier huyo, Mfaransa wa Nobel ya 1912. Inatoka methani na maji.

4. Pasha nyuzi 200 hadi 400, washa taa. Ukipitiliza 500 methani inapungua, monoksaidi ya kaboni inaongezeka, na hiyo ni sumu.

5. Hapa ndo wengi wanapigwa changa la macho. Methani imeongezeka, wanashangilia mwanga, kumbe taa imepasha tu kichocheo! Rudia yote gizani kwa hita, joto lilelile, na themokapo (waya wa kupimia joto) iguse kichocheo chenyewe maana taa inaunguza juu tu chini bado kumepoa. Majibu yakilingana basi mwanga wako ni hita.

MASWALI

– Shikamoo mwalimu, haidrojeni inatoka wapi?

Marahaba. Umenibana pazuri. Ikitoka kwenye gesi asilia umezunguka bure, unaharibu methani upate methani na hewa ya ukaa unaongeza njiani. Itoke kwenye maji, kwa umeme wa jua au wa maporomoko kama pale Hale.

– Jua letu si linatosha bila taa?

Linatosha ukilikusanya kwa vioo, ila wingu likipita joto linashuka, kwahiyo hita ya akiba iwepo.

– Mkuu nina tanuri la chokaa, moshi wake niuunganishe kwenye chemba moja kwa moja?

Hapana kaka. Kama unachomea oili chafu moshi una salfa, na salfa inaua nikeli. Uchuje kwanza.