Kununua na Kuuza Nyumba Dar es Salaam: Mambo ya Kuhakiki Kabla Pesa Haijatoka

Mtu anayetafuta nyumba Dar es Salaam huanza kwa kutazama kuta, paa, vigae na ukubwa wa uwanja, na si vibaya kufanya hivyo. Hata hivyo, nyumba nyingi zilizoleta majuto katika jiji hili zilikuwa na kuta imara kabisa. Kilichokuwa na ufa ni karatasi zake, au uhusiano wa muuzaji na hiyo nyumba. Kwa sheria ya Tanzania, ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mwananchi hupewa haki ya kuitumia kwa muda na kwa masharti maalumu. Kwa hiyo mnunuzi hupokea haki ile ile aliyokuwa nayo muuzaji, pamoja na upungufu wake wote. Kazi ya kwanza ni kujua haki hiyo ni ya aina gani, na kazi hiyo imalizike kabla shilingi moja haijatoka mfukoni.

Sokoni utakutana na nyaraka za namna nne. Ya kwanza na iliyo imara kuliko zote ni hati miliki, ambayo kwa kawaida hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Ya pili ni barua ya ofa, ambayo inaonyesha kwamba mtu amepewa kiwanja lakini hajakamilisha hatua za kupata hati. Ofa ina thamani yake, ila haijasajiliwa, na viwanja vilivyogawiwa watu wawili kwa ofa mbili si jambo geni. Ya tatu ni leseni ya makazi, inayotolewa katika maeneo ya mjini ambayo hayajapangwa, kwa muda mfupi usiozidi miaka mitano kabla ya kuhuishwa. Ya nne, ambayo ndiyo inayoonekana zaidi katika mitaa kama Manzese, Tandale na Mbagala, ni karatasi ya mauziano iliyoandikwa mbele ya mashahidi na kugongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Karatasi hiyo ni ushahidi wa makubaliano kati ya watu wawili. Haimfanyi mtu awe mmiliki aliyesajiliwa, na anayeinunua nyumba ya namna hiyo aielewe hivyo na bei iakisi hivyo.

Ukioneshwa hati, isome yote. Tazama namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, jina la mmiliki, matumizi yaliyoruhusiwa na tarehe ambayo muda ulianza kuhesabiwa. Hati ya miaka 33 iliyoanza mwaka 1998 inafikia ukingoni mwaka 2031, na hilo linapaswa kuzungumzwa wakati wa kupatana bei, wala si baada ya kulipa. Matumizi nayo yana uzito wake: anayepanga kujenga fremu za maduka kwenye kiwanja cha makazi atalazimika kwanza kuomba kibali cha kubadili matumizi.

Baada ya kuisoma, usiiamini peke yake. Chukua nakala yake uende ofisi ya Msajili wa Hati ukaombe upekuzi rasmi, ambao wengi huuita "sechi". Majibu yatakuonyesha nani amesajiliwa kuwa mmiliki, kama kuna rehani ya benki juu ya mali hiyo, na kama kuna mtu aliyeweka zuio. Zipo hati za kughushi zilizotengenezwa vizuri kiasi kwamba hata mtu mwenye uzoefu hawezi kuzitambua kwa macho, na zipo hati halali kabisa ambazo mwenyewe ameshazitumia kuchukulia mkopo. Muuzaji anayekataa kutoa nakala ya hati kwa ajili ya upekuzi, kwa maelezo kwamba "wateja ni wengi, ukichelewa utaikosa", mwache aende na hao wateja wengi.

Kwa nyumba isiyo na hati, upekuzi wa ofisini hautoshi, kwa hiyo upekuzi unafanyika mtaani. Nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji wake, kisha nenda kwa mjumbe wa shina, kisha, bila dalali wala muuzaji, zungumza na majirani wa pande zote nne. Mimi huona kwamba jirani mzee aliyekaa hapo miaka thelathini ana rejista yake kichwani. Atakwambia nani alikuwa na eneo hilo mwanzo, mpaka ulikuwa kwenye mnazi au kwenye ukuta, na kama kuna kesi inayoendelea katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Omba pia kuona mlolongo wote wa mauziano ya nyuma: anayekuuzia aliuziwa na nani, naye huyo alipata wapi.

Eneo lenyewe litembelewe kwa nyakati tofauti, na mara moja wapo iwe siku ya mvua kubwa. Kwa kiwanja kilichopimwa, mlipe mpima aende na ramani ya upimaji akazitafute bikoni, yaani alama za mipaka zilizowekwa na wapima, kwa sababu ukuta wa uzio si mpaka wa kisheria, na kuna nyumba ambazo jiko lake lote limo ndani ya kiwanja cha jirani. Viwanja vilivyotokana na mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, kama vile vya Mbweni, Bunju, Kibada na Tuangoma, vina unafuu katika jambo hili kwa kuwa vilipimwa kabla ya kuuzwa, lakini hata huko bikoni hung'olewa na watu husogeza uzio.

Hapa nataka nisimame kidogo, kwa kuwa ndipo watu walipopoteza nyumba nzima badala ya kipande cha ukuta. Mwezi Desemba 2015 nyumba nyingi za bonde la Msimbazi, zikiwemo za Mkwajuni katika Manispaa ya Kinondoni, zilibomolewa. Mwaka 2017 ikafuata bomoabomoa ya kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, kwa ajili ya hifadhi ya barabara, na waliobomolewa ni pamoja na watu waliokuwa wameishi humo kwa miaka mingi, wamejenga, wamezaa na kusomesha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa bahari. Kwa hiyo nyumba inayouzwa kwa bei ya kutupa karibu na mto au kandokando ya barabara kuu iulizwe swali moja kabla ya mengine: je, imo ndani ya hifadhi? Jibu linatoka ofisi ya mipango miji ya manispaa na kwa wakala anayesimamia barabara husika. Dalali hana mamlaka ya kulijibu.

Baada ya ardhi, wahakiki watu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati imeandikwa jina la mmoja tu. Neno la muuzaji kwamba "mama watoto anajua" halitoshi. Omba kuonana naye, zungumza naye akiwa huru, kisha ridhaa yake iandikwe na isainiwe mbele ya wakili. Muuzaji anayedai hana mwenza aape hivyo kwa kiapo cha maandishi, na bado uwaulize majirani.

Nyumba za urithi zinahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Aliyefariki hauzi, na watoto wake hawauzi kwa sababu tu wao ni watoto. Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Niliwahi kuisindikiza familia moja iliyokuwa imenunua nyumba kwa kijana mkubwa wa marehemu, mbele ya mashahidi na kwa picha za kutosha, wakiwa na imani kwamba mkubwa ndiye msemaji wa nyumba. Miezi saba baadaye dada zake wawili waliokuwa wameolewa mikoani walirudi na barua ya uteuzi wa mahakama iliyomtaja mmoja wao kuwa msimamizi. Mnunuzi hakuwa mtu mbaya, na kijana alikuwa ameshatumia pesa. Nyumba ilirudi kwa warithi. Kwa hiyo dai barua ya uteuzi, ithibitishe katika mahakama iliyoitoa, na pale penye hati hakikisha jina la msimamizi limesajiliwa kwenye hati hiyo kabla ya kuhamishiwa kwako. Ingawa msimamizi ndiye anayesaini, ni busara warithi wote watu wazima waweke saini zao kwenye muhtasari wa kikao cha familia, kwani kesi nyingi hufunguliwa na yule ambaye hakuitwa.

Ukiridhika na hayo, ndipo mpatane. Dalali ana msaada wake, kwa kuwa anayajua mapagale na nyumba ambazo hazijatangazwa popote, lakini malipo yake yaandikwe mapema: ni asilimia ngapi, analipwa na nani, na analipwa lini. Mimi ningeshauri alipwe baada ya mkataba kusainiwa. Bei isipangwe kwa uvumi wa mtaa. Mthamini aliyesajiliwa anaweza kukupa makadirio yenye sababu, na ripoti yake itahitajika baadaye kwa ajili ya kodi.

Mkataba wa kuuza ardhi ni lazima uwe wa maandishi. Uandikwe na wakili, na kila upande ni vema uwe na wakili wake. Hakikisha kwamba wakili huyo ana leseni hai kwa kumtafuta katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, kazi ambayo haichukui dakika tano. Mkataba utaje majina kama yalivyo kwenye vitambulisho vya Taifa, maelezo kamili ya mali, bei, ratiba ya malipo, nani atalipa kodi na ada zipi, tarehe ya kukabidhiwa nyumba, na nini kitatokea mmoja akishindwa. Kama kuna wapangaji, kodi zao zitaanza kwenda kwa nani na amana zao ziko wapi? Jambo hilo dogo limegombanisha wengi.

Malipo yapitie benki, kwenda kwenye akaunti yenye jina la muuzaji mwenyewe, na yagawanywe. Mgawanyo ninaouona kuwa wa haki ni malipo ya awali wakati wa kusaini, sehemu kubwa baada ya fomu za uhamisho kusainiwa na hati kuwa mikononi mwa wakili, na kiasi kinachobaki baada ya jina kubadilishwa. Kulipa fedha taslimu nyumbani kwa mtu ni hatari kwa pande zote mbili.

Kwa upande wa kodi, muuzaji ambaye ni mkazi wa Tanzania hutozwa asilimia 10 ya faida aliyoipata, na anayetakiwa kuthibitisha gharama zake ni yeye. Tuchukue mfano: kiwanja kilinunuliwa kwa shilingi milioni 20, ujenzi ukagharimu milioni 60, na nyumba inauzwa kwa milioni 120. Faida ni milioni 40, na kodi ni milioni 4. Asiye na mkataba wa kununulia wala risiti za saruji, nondo na mafundi atashindwa kuonyesha ile milioni 80, kwa hiyo kila anayejenga leo atunze risiti zake kama anavyotunza hati. Upo msamaha kwa nyumba ambayo mwenyewe ameimiliki na kuishi humo kwa miaka mitatu au zaidi, endapo faida haizidi shilingi milioni 15. Mnunuzi naye hulipia ushuru wa stempu, ambao ni asilimia moja, na mkataba usiolipiwa ushuru huo hauwezi kupokelewa mahakamani kama ushahidi. Kuandika bei ndogo kwenye mkataba ili kukwepa kodi ni kujidhuru: mamlaka hutazama thamani iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, na siku ya mgogoro mnunuzi atadai kurudishiwa kile tu kilichoandikwa.

Muuzaji anayetaka bei nzuri aanze maandalizi kabla ya kumwita dalali. Alipe kodi ya pango la ardhi hadi mwaka huu na achukue risiti, aifute rehani iliyokwisha lipwa ambayo bado inasomeka kwenye rejista, na ahuishe leseni ya makazi iliyokwisha muda. Kodi ya jengo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU, lakini akague kama mita ina deni, na bili za maji vilevile. Asimwachie mtu yeyote hati halisi, hata kwa saa moja. Nakala inatosha kwa upekuzi. Pia amuulize mnunuzi pesa zake zinatoka wapi, kwa kuwa anayesubiri mkopo wa benki anahitaji muda mrefu zaidi, na muda huo uingizwe kwenye mkataba.

Hatua ya mwisho ni uhamisho wenyewe. Fomu ambazo watu wa ofisi za ardhi huzitaja kwa namba zake, yaani 29, 30 na 35, hujazwa na kusainiwa mbele ya wakili, zikiambatana na mkataba, ripoti ya uthamini, uthibitisho wa kodi, picha na hati halisi. Ofisi za ardhi sasa zipo katika kila mkoa. Fuatilia mwenyewe hadi mwisho, na siku utakapoitwa kuchukua hati, isome pale pale kaunta: linganisha herufi za jina lako na kitambulisho chako, kisha namba ya kiwanja na kitalu. Kosa lililobainika pale kaunta hurekebishwa kwa urahisi, ilhali likigunduliwa miaka kumi baadaye litahitaji viapo na safari nyingi.