Kampuni ikitaka shamba lako, usitie sahihi siku hiyo

Watu wa kampuni walipokuja kupima shamba letu hapa Hoima, Uganda, mama alitia dole gumba kwenye fomu ya Kiingereza asiyoijua. Bado inaniuma.

Wewe hesabu kabla yao: kila mgomba, kila mbuni, hata kaburi la babu. Piga picha, andika daftarini, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) agonge muhuri. Dai usomewe fomu kwa lugha yako, ubaki na nakala.

Wakisema uhame kwanza, kataa. Ibara ya 26 ya Katiba ya 1995 inataka fidia ya haki ilipwe kabla ardhi haijachukuliwa. Mahakama ya Juu ilisisitiza hivyo mwaka 2015.

Nendeni majirani wote pamoja. Sisi tulikwenda mmoja mmoja, kila mtu akapewa bei yake.