Kung'arisha kipande cha nondo kabla hujakiweka kwenye hadubini

Nondo yangu ya kwanza niliomba kwa fundi mmoja Ihumwa, kipande cha milimita 12 alichokuwa anakitupa. Nikaikata kwa grenda, cheche zinaruka, nikajiona mhandisi. Kumbe nilikuwa naiunguza. Joto la grenda hubadilisha chuma chenyewe. Baadaye kwenye hadubini unasoma kazi ya grenda, si ya kiwanda. Kata kwa msumeno wa mkono, taratibu, mwenzako akimwagia maji.

Kipande kikishapatikana, kizamishe kwenye resini, ile gundi ya maji inayokuwa ngumu kama plastiki, iache igande.

Sasa msasa, na hapa ndipo wengi tunapoharibu. Nunua msasa wa maji, ule wa wapaka rangi magari: namba 240, 400, 600, 800 na 1200. Ulaze juu ya kioo, maji yatiririke, sugua kwa mwelekeo mmoja. Ukihamia namba inayofuata, geuza kipande nyuzi 90. Mikwaruzo mipya itaikata ya zamani, kwa hiyo utaiona ya zamani ikipungua mpaka iishe. Kama haijaisha, usihame. Kila unapohama osha kipande, osha mikono, na chini ya kucha usisahau. Halafu funga dirisha! Upepo wa Dodoma mwezi wa saba haubishi hodi. Punje moja tu ya mchanga ilinirudisha kutoka 1200 mpaka 400, saa kumi jioni, tumbo tupu.

Malizia kwa kitambaa laini chenye alumina, unga laini wa kung'arishia, mpaka uone kope zako kwenye chuma.

Kuna asidi pia, ya kuufanya muundo wa ndani wa chuma uonekane. Vaa glavu na miwani, fanyia kwenye kabati la kuvuta hewa. Mililita 2 za asidi ya naitriki ziingie kwenye mililita 98 za ethanoli, tone kwa tone; kamwe usimimine ethanoli juu ya asidi. Chovya sekunde chache. Uso ukififia kama kioo kilichopuliziwa pumzi, toa, suuza kwa ethanoli, kausha kwa draya ya nywele.

Nondo iliyopozwa ghafla kwa maji kiwandani itakuonyesha pete nyeusi pembeni hata kwa macho. Ndani, kwenye hadubini, feraiti, yaani chuma karibu kitupu, ni nyeupe; perlaiti, yaani mistari myembamba ya feraiti na kabidi ya chuma iliyopangana, ni nyeusi. Anza na lenzi yenye ukuzaji mdogo.

Ukiona mistari imenyooka yote upande mmoja, usikimbilie kupiga picha. Hiyo si perlaiti, ndugu yangu, hiyo ni msasa namba 600. Rudi kwenye kioo.